Akaunti zimerundikana na zimeshikana? Anza na imeili na laini, kufuta iwe mwisho

Watu wengi wakiamua kusafisha akaunti zao za mitandaoni wanaanza na kufuta. Mtu anaingia Facebook anafuta ile ya zamani, anahamia TikTok anafuta, wiki haijaisha anashangaa peji ya biashara haipo na Instagram inamdai namba ya uhakiki inayotumwa kwenye laini aliyoitupa zamani. Kufuta ndo iwe hatua ya mwisho kabisa. Wingi wa akaunti wenyewe siyo shida kubwa, mtu anaweza akawa nazo kumi na tano na akalala usingizi vizuri tu, shida ni zilivyoshikana: ipi inaingilia kupitia ipi, namba ipi inapokea meseji za uhakiki, imeili ipi ina uwezo wa kubadili paswedi za zote. Ukishalijua hilo, kilichobaki ni kazi ya jioni mbili tatu.

Chora kwanza

Chukua karatasi, karatasi ya kweli siyo ya kwenye simu, maana simu yenyewe ndo tunayoikagua. Katikati andika imeili zote unazozikumbuka na namba zote za simu ulizowahi kutumia, hata zile ulizoziacha. Pembeni andika akaunti zote, Facebook (mara nyingi ziko zaidi ya moja), Instagram yako na ya biashara, TikTok, Threads, X, Telegram, Snapchat, YouTube, WhatsApp ya kawaida na WhatsApp Business. Sasa kila akaunti ivutie mstari mpaka kwenye imeili au namba iliyosajiliwa nayo, na kama unaingia kwa kubonyeza kile kitufe cha kuingia kwa Google au kwa Facebook vuta mstari mwingine mnene kwenda huko. Ukimaliza utaona imeili moja au laini moja imevutiwa mistari mingi kuliko zote, hiyo ndo ya kuanza nayo.

Zile ulizozisahau utazipata hivi: fungua imeili yako, sehemu ya kutafuta andika "verify", kisha "welcome", kisha "confirm", maana karibu kila mtandao ukijiunga unatuma barua yenye mojawapo ya maneno hayo. Meseji za kawaida nazo zipekue kwa neno "code". Halafu ingia kwenye akaunti yako ya Google upande wa usalama, kuna orodha ya programu na tovuti zote ulizowahi kuziruhusu ziingie kwa Google. Facebook nayo ina orodha yake kwenye mipangilio, sehemu ya programu na tovuti, X wanayo kwenye mambo ya usalama, TikTok pia. Pitia zote na uondoe usizozitambua.

Humo ndani utakuta vile vimchezo vya kujua unafanana na mwanamuziki gani au utaoa mwaka gani. Viondoe hapohapo. Kashfa ya Cambridge Analytica, kampuni ya ushauri wa kampeni za siasa, iliyolipuka 2018 ilianzia kwenye programu ya aina hiyohiyo, ya kujibu maswali ujue tabia yako. Waliojibu walikuwa kama 270,000 tu, lakini programu ilikuwa inachota na taarifa za marafiki zao, mwishowe Facebook wenyewe wakasema huenda imegusa watu mpaka milioni 87. Na viongozi wa Cambridge Analytica walirekodiwa kwa siri wakijisifia kazi waliyoifanya kwenye kampeni za urais Kenya 2013 na 2017, kwa hiyo wala siyo habari ya mbali. Siku hizi Facebook inakata yenyewe ruhusa ya programu usiyoitumia kwa muda mrefu, ila kwingine ruhusa inaweza kukaa tu mpaka wewe mwenyewe uiondoe.

Imeili aliyokufungulia muuza simu

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo panapoumiza watu wengi huku kwetu. Mtu ananunua simu Kariakoo au Luthuli Avenue, muuzaji anamsaidia kuiwasha, Play Store inadai akaunti, basi muuzaji anamfungulia Gmail palepale, jina anaandika la harakaharaka na tarakimu nyuma, paswedi anaweka anayoijua yeye, hata namba ya kurejeshea akaunti wakati mwingine anaweka ya dukani. Mteja anaondoka na simu yake mpya. Baada ya hapo anafungua Instagram kwa imeili hiyohiyo, TikTok kwa imeili hiyohiyo, YouTube ndo inakuja nayo kabisa, biashara inakua, wafuasi wanafika maelfu, na mwenye biashara hajui hata imeili yake inaandikwaje. Siku simu ikikwapuliwa na mtu wa bodaboda ndo anaulizwa imeili, anabaki anaangalia tu.

Kwa hiyo fungua Play Store sasa hivi, bonyeza ile picha au herufi iliyo juu kulia, utaona imeili inayotumika, iandike kwenye karatasi yako herufi kwa herufi. Kisha fungua mipangilio ya simu, ingia Google, nenda kwenye akaunti yako na ubadili vitu vitatu: paswedi, namba ya kurejeshea na imeili ya kurejeshea. Kama paswedi huijui lakini simu bado iko mkononi usikate tamaa, mara nyingi Google inakubali kukuhakiki kupitia simu yenyewe ambayo tayari imeingia, au kwa ile namba au mchoro unaofungulia kioo. Usiahirishe hii, maana simu ikishapotea njia hiyo nayo imepotea. Halafu angalia orodha ya vifaa vilivyoingia kwenye hiyo Gmail, ukikuta simu usiyoijua itoe.

Kuna kundi lingine, la waliofungua Facebook kafe miaka ile ya Yahoo. Kama Facebook yako bado imeshikwa na imeili ya Yahoo ambayo hujaifungua tangu enzi hizo, ibadilishe leo. Mwaka 2013 Yahoo walitangaza kwamba majina ya imeili yaliyolala zaidi ya miezi 12 wanayaachia yachukuliwe na watu wengine, sasa fikiria mtu mwingine kabisa ndo anamiliki anuani ambako Facebook inatuma linki ya kubadili paswedi yako. Google wao hawagawi jina la Gmail kwa mtu mwingine, lakini akaunti binafsi isiyoguswa kwa miaka 2 wanaweza kuifuta, walianza kazi hiyo Desemba 2023. Kwa hiyo ile Gmail ya pili unayoiweka kama akiba iingie mara mojamoja, soma hata barua moja, inatosha kuonekana iko hai.

Ninavyoshauri mimi ni imeili mbili tu. Moja ya vitu vya maana, yaani akaunti zote zenye jina lako, wateja wako, hela yako, hiyo usiigawe ovyo wala usiiweke kwenye bayo. Ya pili ya kujiungia vitu vya kupita. Imeili ya kazini au ya chuo usisajilie akaunti binafsi hata kama ndo unayoifungua kila siku, ukiondoka pale wanaifunga na huna wa kumlalamikia.

Ile kuu iwekee uhakiki wa hatua mbili, yaani mbali na paswedi unadaiwa na namba nyingine, kwa programu ya uhakiki inayokutolea namba hizo kwenye simu, Google Authenticator au nyingine ya aina hiyo, siyo meseji peke yake. Google pia wanakupa namba 10 za akiba za kutumia simu ikipotea, ziandike au uzichapishe ukaziweke pamoja na vyeti vyako nyumbani. Kuna watu wanacheka daftari la paswedi, mimi siwaelewi, daftari lililofungiwa kabatini hakuna mdukuzi wa ng'ambo anayelifikia, kibaya ni kuzipiga picha na kuziacha kwenye galari ya simu.

Laini uliyoitupa haijafa

Laini ikikaa bila kutumika miezi kadhaa kampuni ya simu inaifunga, na baadaye namba hiyohiyo inauzwa kwa mtu mwingine. Huyo mtu hana kosa lolote, kanunua laini yake kihalali, lakini akiingiza namba yake Facebook akabonyeza nimesahau paswedi, akaunti inayomtokea ni ya kwako na meseji ya uhakiki inakwenda kwake. WhatsApp angalau wameliwazia hili, akaunti isipotumika siku 45 kisha namba ikawashwa kwenye simu nyingine wanahesabu kwamba namba imepata mwenyewe mpya na wanaondoa picha na maelezo ya mwenye mwanzo. Kwingine kote usitegemee, namba inabaki palepale mpaka uitoe.

Anza kwa kupiga *106#, Tanzania inakuonyesha namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA, na Kenya walio Safaricom wanaitumia hiyohiyo. Ukiona namba usiyoijua nenda dukani kwao ikafutwe. Ukiona namba yako ya zamani bado iko kwa jina lako una nafasi nzuri, irenew dukani kwao upewe kadi mpya ya namba hiyohiyo, iweke kwenye simu, ingia kwenye kila akaunti iliyoshikwa nayo ubadili namba, ndo uiache.

Wanaokwenda kufanya kazi Muscat, Dubai au Doha ndo wanaoumia zaidi hapa. Anafika anawekewa laini ya kule, ya nyumbani inakaa kwenye mkoba mpaka inafungwa, na akaunti zote bado zinaijua ile ya nyumbani. Kama unasafiri, badilisha kabla hujapanda ndege. WhatsApp ina sehemu maalumu ya kubadili namba ndani ya mipangilio ya akaunti, itumie hiyo badala ya kuanza upya, inakuhamisha na magrupu yako yote na unaweza kuchagua watu wako wajulishwe. Na uweke ile PIN ya tarakimu 6 ya uthibitishaji wa hatua mbili ya WhatsApp, pamoja na imeili yake, maana hata mtu akiipata namba yako hataingia palepale bila hiyo PIN.

X wana jambo lao, tangu Machi 2023 uhakiki kwa meseji umebaki kwa wanaolipia tu, kwa hiyo kama ulikuwa unautegemea na hulipi, akaunti yako huenda iko bila ulinzi wa pili na hujui. Na kule Tanzania X ilipozuiwa Mei 2025 kuna waliotoka wakaacha akaunti zao hivyohivyo zikiwa zimeunganishwa na programu za kila aina. Akaunti usiyoiangalia ndo mtu anaweza kuishika akaombea watu hela kwa jina lako na wewe huna habari, kwa hiyo nayo iandike kwenye karatasi.

Ukoo wa Meta

Facebook, kampuni ambayo sasa inaitwa Meta, waliinunua Instagram 2012, WhatsApp 2014, na miaka ya karibuni wamekuwa wakizishonea pamoja. Fungua Instagram, nenda kwenye mipangilio, juu kabisa kuna sehemu inaitwa Accounts Center. Humo utaona profaili zote zilizounganishwa, na mara nyingi mtu anakuta Facebook yake ya binafsi yenye picha za familia imeungwa na Instagram ya duka, au ya mdogo wake aliyewahi kuazima simu. Angalia mambo mawili, profaili ipi inaruhusiwa kuingia kwa kutumia nyingine, na ipi inaposti yenyewe kwenda kwa nyingine. Ya mtu mwingine itoe. Ya binafsi na ya biashara kama huzihitaji pamoja zitenganishe, lakini kabla hujazitenganisha hakikisha kila moja ina paswedi yake na imeili yake, usije ukajifungia nje. WhatsApp nayo tangu Januari 2025 Meta walitangaza inaweza kuongezwa humo kwa hiari, mimi ningeiacha nje, ile ni simu yako ya kuongelea na mama, haina haja ya kuchanganywa na mambo ya dukani.

Threads ilipoanza Julai 2023 ilikuwa huwezi kuifuta bila kufuta Instagram yenyewe, watu walibanwa kwelikweli, ila mwaka huohuo wakalegeza, sasa inafutwa peke yake. Kama uliifungua kwa kushawishiwa na tangazo na hujaigusa tena, itoe.

Peji ya Facebook ni jambo la kulishika vizuri. Peji haina paswedi yake, inaendeshwa na profaili ya mtu, na ukiwa admini peke yako ukazima profaili yako basi na peji inazimika. Kwa hiyo mtu mwenye Facebook tatu asikimbilie kufuta hata moja kabla hajajua peji yake imeshikwa na ipi. Ongeza profaili yako nyingine au mtu unayemwamini kwa maisha yako awe admini wa pili, subiri akubali, hakikisha anaweza kuingia, ndo uguse ile unayotaka kuifuta. Na usipoteze muda kutafuta namna ya kuunganisha profaili mbili ziwe moja, Facebook hawana kitu hicho, unapakua picha na kumbukumbu zako kutoka ya zamani unahamia kwenye unayobaki nayo.

Hapo hapo ndo uwaangalie wasaidizi. Kijana wa dukani aliyekuwa anaposti, dada aliyekuwa anajibu inboksi, yule wa matangazo uliyemlipa miezi miwili. Wengi ni waaminifu na wamekusaidia sana, siwasemi vibaya, lakini kama peji ilifunguliwa kwa profaili ya kijana wako na Instagram kwa imeili yake, basi kwa sheria za mitandao hiyo mwenye mali ni yeye. Ongea naye mapema mkiwa bado mnaelewana, mkae pamoja mezani abadilishe imeili na namba wewe ukiwepo, siyo siku anaondoka kwa hasira. Kwenye WhatsApp Business fungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa, vinaweza kuwa mpaka vinne mbali na simu yenyewe, ukikuta kompyuta ya ofisi uliyohama itoe. TikTok nayo ina orodha ya vifaa kwenye usalama. Instagram pia, iko kwenye hiyohiyo Accounts Center upande wa paswedi na usalama.

Kuposti mara moja kila mahali

Ile ya kitu kimoja kujirusha chenyewe mitandao yote mimi siipendi kwa biashara. Unabadili bei Instagram, ile iliyojirusha Facebook inabaki na bei ya zamani, mteja anakuja na skrinishoti mnaanza kugombana. Na video uliyoipakua TikTok ikiwa na alama yake, Instagram walishasema tangu 2021 kwamba video za namna hiyo hawazisambazi sana kwenye Reels, kwa hiyo unajipunguzia mwenyewe watazamaji. Tunza video ile ghafi kwenye simu, ipandishe kila mahali kivyake. Kama muda hautoshi, chagua mitandao miwili ambayo wateja wako wapo kweli, kule kwingine acha peji yenye maelezo, namba ya WhatsApp na neno moja kwamba unapatikana wapi. Linki ya kwenye bayo nayo ibonyeze mwenyewe ukiwa kwenye simu ya mtu mwingine, utashangaa ngapi zinapeleka kwenye namba iliyokufa.

Sasa ndo ufute

Rudi kwenye karatasi yako. Akaunti ambayo haina mstari wowote unaoitegemea, hiyo ifute. Yenye mistari, kata kwanza kila mstari: kama TikTok unaingilia kwa Facebook, iongezee imeili na paswedi yake, toka, jaribu kuingia kwa hiyo imeili, ikikubali ndo Facebook iko huru kufutwa. Usiamini mpaka umejaribu kuingia. Pakua kumbukumbu zako, Facebook, Instagram, TikTok na X zote zinakuruhusu kuomba nakala, inaweza kuchukua muda kidogo mpaka iwe tayari kwa hiyo iombe mapema.

Kabla ya kufuta ya biashara waambie wateja kwa posti ya mwisho kwamba akaunti hii inafungwa, tunapatikana kule, iache kama wiki mbili. Kwa jina la biashara lenye sifa hata mimi nisingefuta, ningebakiza akaunti tupu yenye paswedi nzito na uhakiki wa hatua mbili, maana ukiliachia jina mtu anaweza kulichukua na kuanza kupokea oda za wateja wako. Kama kuna akaunti feki tayari inatumia jina lako, usigombane nayo kwenye komenti, waombe wateja na jamaa wairipoti, na wewe weka posti iliyobandikwa juu yenye namba zako halisi za malipo.

Facebook, Instagram, TikTok na X zote zinakupa siku 30 baada ya kuomba kufuta, na ndani ya siku hizo ukiingia tu unaweza kuwa umeghairi. Telegram haina huruma hiyo, ukifuta imefutika. Kwa hiyo siku unayoomba, toa ile programu kwenye simu kama haina akaunti nyingine unayobaki nayo, ondoa na paswedi iliyohifadhiwa kwenye simu isije ikakuingiza yenyewe kwa mazoea ya kidole, na kwenye karatasi andika tarehe ya siku ya 31 mbele ya jina la akaunti hiyo. Ikifika, tafuta profaili hiyo kwa simu ya mtu mwingine. Ikiwa haionekani, kata mstari wake.